Usiseme "Niwekee Katuni"

Mada iliyotolewa mbele ya wazazi na walezi wa Kata ya Katubuka, Manispaa ya Kigoma-Ujiji

 

Nimeagizwa na ofisi nije kuzungumza nanyi juu ya madaraja ya umri katika filamu, na hususan katika filamu za katuni zitokazo Japani, ambazo vijana wetu huziita anime. Mtumishi wa taasisi ya udhibiti anaposimama mbele ya wazazi hutarajiwa aanze na vifungu vya sheria. Naomba radhi, mimi nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu vifungu hivyo nilikuwa navijua vyema siku nilipolitenda.

Wengi wenu mnanifahamu. Mimi ni mtoto wa kata hii. Mama yangu anaishi hapa hadi leo, pamoja na mtoto wa dada yangu, ambaye kwa desturi zetu ni mwanangu na huniita mama mdogo. Miaka michache iliyopita, nikiwa Dar es Salaam, niliingia katika duka la video lililomo ndani ya jengo moja kubwa la maduka. Lilikuwa duka safi, lenye taa nyeupe na kiyoyozi, na rafu zake zilikuwa na vibao. Kibao kimojawapo kiliandikwa WATOTO. Katika rafu hiyo nikaona diski yenye kava zuri: mvulana mwenye macho makubwa, amevaa joho la mirabaraba ya kijani na nyeusi, na jina la filamu lilitaja treni. Mtoto wetu wakati huo alikuwa na miaka saba na alikuwa akipenda treni kuliko kitu chochote, kama apendavyo mtoto yeyote wa Kigoma ambaye amewahi kupelekwa stesheni kumpokea babu. Nikailipia, nikaiviringisha ndani ya khanga ya mama, nikampa jirani aliyekuwa akisafiri kuja huku.

Filamu hiyo ni "Demon Slayer: Mugen Train", iliyotoka nchini Japani mwezi Oktoba 2020 na ambayo iliingiza fedha nyingi kuliko filamu yoyote iliyowahi kuoneshwa katika kumbi za nchi hiyo. Ni kazi ya ustadi mkubwa. Sikuja hapa kuibeza. Lakini hadithi yake ni hii: shetani amelivamia treni, amewalaza abiria usingizi ili awale, na kila abiria amefungwa ndani ya ndoto tamu. Shujaa anagundua kwamba njia pekee ya kuamka ni kujiua ndani ya ndoto. Anaweka upanga shingoni mwake. Anaamka, analazwa tena, anafanya vilevile tena na tena, hadi inafika wakati anakaribia kufanya hivyo akiwa macho kweli, asijue tena ipi ndoto na ipi hali halisi. Mwenzake ndiye anayemzuia.

Siku ya tatu baada ya mzigo kufika, mama alinipigia simu. Aliniambia kwamba usiku uliotangulia mtoto aliamka akilia, akamuuliza: "Bibi, nikiota vibaya, ndiyo nijikate hapa?" Akaonesha shingo.

Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, si ndiyo kazi yako hii?"

Nilimwomba achukue kava, aangalie kama kuna alama yoyote. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo, kwa hiyo alimpa mtoto. Nikamsikia mtoto mwenyewe akinisomea kwenye simu: "Mama mdogo, kuna kiduara cha rangi ya waridi. Kimeandikwa kumi na tano." Mtoto wa darasa la kwanza aliisoma alama ambayo mtumishi wa umma mwenye shahada alikuwa ameipita bila kuiona, kwa sababu macho yangu yaliishia kwenye kibao cha rafu na kwenye picha ya kava.

Kiduara kile ni alama ya bodi ya Uingereza. Maana yake ni kwamba filamu hiyo haipaswi kuuzwa kwa mtu aliye chini ya miaka 15. Wala haikuwa alama ya siri. Ilikuwa imechapwa mbele ya kava, na ilisafiri kutoka Uingereza hadi Dar es Salaam, kisha kutoka Dar es Salaam hadi Katubuka, ikisema jambo lilelile kwa kila aliyeishika. Katika mikono yote hiyo hakuna aliyeisoma.

Nimeisimulia habari hii kwa sababu wazazi wengi hudhani hatari imo katika vibanda vya uswahilini peke yake, na kwamba anayenunua katika duka kubwa la mjini amekwisha kujikinga. La hasha. Duka lile lilipanga bidhaa zake kwa kuangalia kama zimechorwa au zimepigwa picha za watu halisi. Zilizochorwa zote zikawekwa kwa watoto. Ndivyo tunavyofanya sote. Katika Kiswahili chetu cha kila siku neno "katuni" limekuwa na maana mbili zilizoshikana: kitu kilichochorwa, na kitu cha watoto. Japani maana hizo mbili hazijashikana hata kidogo. Huko kuchora ni namna ya kusimulia tu, kama kuandika kulivyo namna ya kusimulia. Iko anime ya mtoto wa miaka mitatu, iko ya kijana, iko ya mtu mzima, na iko ambayo hata mtu mzima anapaswa kufikiri mara mbili kabla hajaitazama. Hakuna mtu ambaye angeingia katika duka la vitabu akasema, "Nipe kitabu chochote, ni cha mtoto." Lakini kila siku tunasema, "Niwekee katuni."

Sasa tuingie katika laibrari zetu hizi za hapa kwetu, maana huko ndiko nyote mnakonunua, na mimi pia.

Mnazijua. Chumba kimoja kando ya barabara, kompyuta, spika mlangoni, mabango ya filamu ukutani. Mteja anakuja na flashi au memori kadi ya simu. Kijana anaichomeka, anauliza, "Unataka za aina gani?" Ndani ya kompyuta yake filamu zimepangwa katika folda: Bongo, Kihindi, Kikorea, za mapigano, za kutafsiriwa, na folda moja iitwayo Katuni. Mzazi akisema "niwekee katuni", kijana anafungua folda hiyo, anachagua kumi au kumi na tano za mwanzo, ananakili, anapokea fedha yake, anamwita mteja mwingine. Ndani ya folda hiyo paka anayemfukuza panya amekaa bega kwa bega na "Attack on Titan", ambamo majitu hutafuna watu wazima wazima na damu ikaonekana. Kompyuta inayapanga majina kwa alfabeti. Haijui umri wa mtoto wako.

Katika mchakato huo kuna kitu kinapotea, na ningependa tukitazame kwa makini. Kava linapotea. Daraja la umri huandikwa kwenye kava, au hutokea kwenye kioo kabla filamu haijaanza. Filamu inapong'olewa kutoka kwenye diski au kutoka kwenye intaneti na kugeuzwa faili, kava linabaki huko ilikotoka, na mara nyingi hata sehemu ile ya mwanzo imekatwa. Kinachofika kwako ni faili lenye jina lililofupishwa, herufi na namba, basi. Kwa hiyo ninapowaambia "someni alama ya umri", najua kwamba wengi wenu hamna pa kuisoma. Ushauri wetu wa miaka iliyopita uliandikwa kana kwamba kila filamu inauzwa ndani ya kasha lake. Ulikuwa ushauri mzuri kwa duka ambalo Katubuka halipo.

Nisingekuwa mkweli kama nisingesema pia kwamba kunakili filamu ya mtu bila ridhaa yake ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na biashara nyingi ya flashi ni ya namna hiyo. Ofisi haiwezi kuibariki. Lakini mtoto anayeangalia filamu leo jioni hawezi kungoja hadi biashara hiyo iishe, na mzazi ana haki ya kupewa maarifa yanayolingana na soko lililopo mbele yake.

Jambo la pili linalotokea katika laibrari ni tafsiri. Nchi yetu ina historia ndefu ya watafsiri wa filamu, wale wanaozungumza Kiswahili juu ya sauti ya filamu ya kigeni. Marehemu bibi yangu asingeweza kutazama filamu ya Kihindi bila wao, na jina la Lufufu wa Dar es Salaam lilivuma nchi nzima kwa kazi hiyo. Siku hizi anime nazo zinatafsiriwa. Wazazi wengi wameniambia kwamba wakisikia Kiswahili ndani ya filamu, mioyo yao hutulia: wanaona ni kitu kilichokwisha kupita mikononi mwa Mtanzania mwenzao, basi kimechujwa. Mtafsiri hachuji. Kazi yake ni kuchekesha na kusisimua, na huongeza maneno yake mwenyewe, pengine matusi, pengine mzaha wa kikubwa ambao haukuwamo katika filamu. Hata kama filamu ilikaguliwa mahali fulani na kupewa daraja, maneno hayo mapya hayakukaguliwa na mtu yeyote. Na ni hayo hasa ambayo mtoto anayaelewa. Mapigano ya Kijapani atayaona kwa macho. Tusi la Kiswahili atalipeleka shuleni Jumatatu. Walimu mliopo hapa mnatikisa vichwa, naona.

Jambo la tatu ni dogo, ila limewapoteza wengi. Tangu mwaka 2013 kazi za filamu na muziki zilianza kubandikwa stempu za kodi za Mamlaka ya Mapato. Mzazi mmoja alinionesha diski yenye stempu hiyo akaniambia, "Hii serikali imeipitisha." Stempu ya kodi inahusu kodi. Haisemi lolote kuhusu umri wa mtazamaji.

Anayesema kuhusu umri, kwa hapa nchini, ni Bodi ya Filamu, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Bodi hukagua filamu kabla haijaoneshwa kwa umma na kuipangia daraja. Filamu za Kitanzania mnazoziona zikiwa na onyo la umri mwanzoni zimepitia huko. Mtoto, kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Kijana wa kidato cha tatu mwenye ndevu changa naye yumo. Lakini anime iliyopakuliwa usiku kutoka intaneti na kufikishwa kwenye flashi asubuhi haikupita Bodi yoyote ya Tanzania. Ikiwa ina daraja, basi ni la nchi nyingine. Ndiyo maana inatupasa tujifunze kusoma alama za wenzetu.

Hazina ugumu. Tuchukue filamu ileile iliyomtisha mtoto wetu. Japani kwenyewe ilipewa alama ya PG12: mtoto aliye chini ya miaka 12 aitazame kwa uongozi wa mzazi. Uingereza iliipa 15. Marekani iliipa herufi R, ambayo huko ina maana kwamba aliye chini ya miaka 17 haingii ukumbini pasipo mzazi au mlezi mtu mzima. Filamu moja, nchi tatu, madaraja matatu. Msishangae wala msidhani kwamba mmoja kati yao amekosea; kila jamii ina mambo inayoyavumilia na mambo inayoyaogopa. Lakini angalieni jambo hili: hakuna hata nchi moja kati ya hizo tatu iliyosema kwamba mtoto wa miaka saba aachwe nayo peke yake sebuleni. Mbali na tofauti zao zote, juu ya mtoto wetu walikubaliana.

Alama nyingine mtakazokutana nazo ni hizi. Japani hutumia G kwa watazamaji wote, kisha PG12, R15+ na R18+. Uingereza hutumia pembetatu ya kijani yenye U kwa watu wote, pembetatu ya njano yenye PG, halafu viduara vyenye namba 12, 15 na 18. Kenya, majirani zetu, wana GE kwa watazamaji wote, PG, 16 na 18. Mfululizo wa vipindi vya televisheni vya Marekani huandikwa TV-Y kwa watoto wote, TV-Y7 kuanzia miaka saba, TV-PG, TV-14, na TV-MA kwa watu wazima. Asiyejua Kiingereza asihuzunike: namba husomeka katika lugha zote. Herufi mbili tu ndizo za kukariri. PG, popote mtakapoiona, inamaanisha mzazi awepo. Wengi huichukua kama ruhusa, kumbe ni wito. Na MA ni ya wakubwa.

Kuna neno moja la Kijapani ambalo nalo limeingia mitaani kwetu, neno "shonen". Kijana wa laibrari anaweza kukuambia kwa nia njema kabisa, "Mama, hii ni shonen, ni ya watoto wa kiume." Neno lenyewe kweli lina maana ya mvulana. Lakini katika biashara ya Japani hilo ni jina la kundi la majarida yanayolenga vijana wa kiume, hasa walio katika umri wa sekondari. "Naruto", ambayo watoto wa mitaa yetu wanaijua kwa moyo, ilianza katika jarida la namna hiyo mwaka 1999. "Demon Slayer" nayo ilitoka humo. Na "Attack on Titan", ile ya majitu, nayo ilichapishwa katika jarida lenye neno hilohilo jinani mwake. Shonen si daraja la umri.

Basi mzazi afanye nini anapokwenda laibrari?

Aache neno "katuni" nyumbani. Aende na jina. Hili ndilo ombi langu kubwa kwenu leo, na kama mtasahau mengine yote, basi mlikumbuke hili. Anayesema "niwekee katuni" amempa muuzaji mamlaka ya kumchagulia mtoto wake. Anayesema "niwekee Totoro" ameyabakiza mamlaka hayo mkononi mwake. Jina likishajulikana, kila kitu kinafuata: unaweza kumuuliza mwalimu, unaweza kumuuliza jirani mwenye watoto wakubwa, unaweza kuliandika kwenye simu pamoja na neno "umri" au "rating" na kuiona alama kabla hujatoa hata shilingi. Na kama muuzaji hawezi kukuambia jina la kitu anachokuuzia, usikinunue. Mchuuzi wa sokoni hawezi kukuuzia migebuka ndani ya mfuko uliofungwa ukakubali. Filamu isiyo na jina ni mfuko uliofungwa.

Pili, tazama wewe kwanza, tena usitazame mwanzo peke yake. Anime nyingi huanza kwa utulivu: familia inapika, theluji inaanguka, mtoto anacheka. Ruka hadi katikati, kisha karibu na mwisho. Robo saa inatosha. Kwa mfululizo mrefu hii ina uzito zaidi, kwa sababu hadithi hukua pamoja na wahusika wake; msimu wa kwanza unaweza kuwa wa mtoto wa miaka kumi na msimu wa nne usiwe. Najua mama aliyetoka kuanika dagaa tangu alfajiri hana robo saa ya kuchezea. Basi ampe kazi hiyo mtoto mkubwa anayeaminika, kisha amuulize maswali.

Tatu, na hili nalisema kwa uzoefu wangu: mtoto akiona kitu kilichomzidi, msimgombeze kwa kukiona. Mama yangu alikaa naye kitandani, akamwambia kwamba ndoto haina mlango wa kufungua kwa kisu, inaisha yenyewe kama mvua, na bibi yupo chumba cha pili. Akarudia kwa siku kadhaa. Laiti angemchapa, mtoto angenyamaza, na swali lile la shingo lingebaki kichwani mwake bila mtu wa kulijibu. Mtoto akirudia swali la namna hiyo, au akaanza kuiga kitendo cha kujidhuru, mwoneni mwalimu wake na mumpeleke kituo cha afya, msingoje.

Nimesikia minong'ono huko nyuma: "Basi tupige marufuku zote." Wazazi wangu, siwaungi mkono, na nitawaeleza kwa nini kwa mfano mmoja.

Tarehe 16 Aprili 1988 studio moja ya Japani iitwayo Ghibli ilitoa filamu mbili kwa siku moja, zikaoneshwa pamoja katika kumbi zilezile. Ya kwanza ni "My Neighbor Totoro". Inahusu dada wawili wadogo waliohamia kijijini na baba yao ili wawe karibu na mama aliyelazwa hospitali, na dude kubwa lenye manyoya, la upole, linaloishi katika mti mkubwa jirani na nyumba yao. Hakuna adui ndani yake. Mtoto wa miaka minne anaweza kuitazama na kulala usingizi mzuri, na mimi nimeitazama zaidi ya mara tano, msiwaambie ofisini. Ya pili ni "Grave of the Fireflies". Inahusu kaka na mdogo wake wa kike waliompoteza mama yao katika mabomu yaliyoangushwa juu ya mji wa Kobe mwaka 1945, na jinsi njaa inavyowamaliza, siku baada ya siku, huku watu wazima wakigeuza nyuso. Ni studio moja, siku moja, na michoro inayofanana kiasi kwamba ukiweka picha zao pembeni, mtu asiyejua angeziweka katika folda moja.

Filamu hiyo ya pili haimfai mtoto mdogo hata kidogo. Lakini siwezi kuiita mbaya. Sisi watu wa mkoa huu tunajua zaidi ya wengi maana ya watoto kufika kutoka vitani bila mama. Wamevuka ziwa na mpaka kuja kwetu kutoka Kongo na Burundi kwa miongo mingi, na wengine wamesoma na watoto wetu darasa moja. Kijana wa miaka kumi na mitano akiitazama filamu hiyo pamoja na baba yake, kisha wakazungumza, pengine ataelewa jambo kuhusu mwenzake wa dawati ambalo hakuna somo la uraia lingemfundisha. Daraja la umri halisemi kwamba filamu ni nzuri au ni ovu. Linasema ni ya nani, na lini. Ukipiga marufuku zote, umemnyima Totoro mtoto wa miaka minne, na umemnyima kijana mazungumzo yale.

Wala tusisahau vya kwetu. Ubongo Kids ilianza kuoneshwa TBC mwaka 2014. Imetengenezwa Dar es Salaam kwa Kiswahili kwa ajili ya watoto wa shule, na wadogo zaidi wana Akili and Me. Mkienda laibrari mkayataja majina hayo, kijana atawawekea. Nimejaribu katika laibrari tatu za manispaa hii juma lililopita. Mbili walikuwa nazo.

Na sasa neno kwa wauzaji, maana nimewaona wanne wamekaa kule karibu na mlango, na nawashukuru kwa kuja. Hamkuitwa kuhukumiwa. Ninajua hamwezi kutazama kila mnachouza. Lakini Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kumwekea mama faili la watu wazima chini ya jina la folda ya watoto ni kumpotosha, hata kama hamkukusudia. Ninachowaomba kitawachukua mchana mmoja: vunjeni folda hiyo ya Katuni. Tengenezeni tatu: wadogo, vijana, wakubwa. Filamu msiyoijua iwekeni kwa wakubwa mpaka mtakapoijua. Juu ya meza hii kuna karatasi ngumu zenye alama zote nilizozitaja, kwa rangi zake. Kila laibrari ichukue moja, ibandike mahali ambapo mteja ataiona kabla hajatoa flashi mfukoni.

Mzazi aliyeuziwa kitu kisicho sawa na alichokiomba arudi kwanza kwa muuzaji, kwa heshima, akiwa na flashi na kumbukumbu ya siku aliyonunua. Asiposikilizwa, aandike malalamiko yake kwa kifupi: jina la filamu, mahali, tarehe, alichoomba na alichopewa. Ayafikishe ofisi ya mtaa au ya kata, nayo itayapeleka panapohusika. Barua fupi yenye jina la filamu hutusaidia kuliko malalamiko marefu yasiyo nalo.

Mtoto wetu sasa ana miaka kumi na moja. Bado anapenda treni. Ile diski ninayo mimi, kabatini, na ameniuliza atapewa lini. Nimemwambia akifikisha kumi na tano, na kwamba siku hiyo nitakaa naye tuitazame pamoja. Amehesabu, akaniambia ni miaka minne, akaiandika nyuma ya daftari lake.

 Niko tayari kwa maswali, na ningependa kuanza na yule kijana wa karibu na mlango, aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja folda.